Kabla ya filimbi: jinsi ya kumsoma kibonde anayekutana na kigogo

Swali: Shikamoo kocha. Mimi ni kijana wa Morogoro. Redio ya hapa kwetu imenipa dakika 10 kila Jumanne jioni nichambue mechi za klabu za Ulaya. Mechi za vigogo wawili nazimudu. Kazi ipo pale kigogo anapokutana na timu ndogo. Nikisema kigogo atashinda, sijachambua kitu, kila mtu anajua. Nikisema timu ndogo italeta maajabu, nyingi zinapigwa nne, zinapigwa tano. Na siku ninayosema "hii imekwisha", ndiyo siku mikeka ya watu inachanika na mimi nalaumiwa. Kabla ya mechi kama hiyo mtu anatazama nini hasa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha, maana umekiri kitu ambacho hata wazoefu hawakikiri: kwamba kusema "kigogo atashinda" si uchambuzi. Ni kweli atashinda, tena mara nyingi. Lakini msikilizaji wako hakuwasha redio aje kuambiwa kwamba Real Madrid ni timu kubwa.

Swali la nani bora liache mlangoni. Jibu lake linajulikana na halikusaidii. Ingia na mawili: bao la hii timu ndogo litatokea wapi? Na ina uwezo wa kuifanya mechi iwe fupi kiasi gani? Hilo la ufupi nitalieleza, lakini kwanza nikupeleke kwenye mechi moja tuikague pamoja.

Celtic na Barcelona, Glasgow, Jumatano ya tarehe 7 Novemba 2012. Niliitazama kwenye kibanda umiza kimoja Manzese, nimekaa kwenye benchi la mbao lisilo na egemeo, na mpaka leo naitumia kufundishia. Matokeo yake unayajua au utayajua sasa hivi, tuyaweke kando. Turudi asubuhi ya siku ile, kabla mpira haujaguswa, tuone ni mambo gani yalikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuyatafuta.

Upande wa Barcelona karatasi ilikuwa inatisha. Kwenye ligi ya Hispania walikuwa wamecheza mechi 10, wameshinda 9 na kutoka sare 1. Kwenye Ligi ya Mabingwa wamecheza tatu, wameshinda zote. Xavi yupo, Iniesta yupo, na Messi yuko ndani ya ule mwaka aliokuja kuumaliza akiwa na mabao 91. Mchambuzi mvivu angefunga daftari hapo, aseme tatu bila, aende zake kulala.

Sasa fungua ukurasa wa pili. Timu hizi zilikuwa zimekutana wiki mbili nyuma, tarehe 23 Oktoba, Camp Nou. Celtic ndio waliotangulia kufunga, dakika ya 18, kwa faulo iliyopigwa na Charlie Mulgrew na kichwa cha Georgios Samaras. Barcelona walishinda 2-1, ndiyo, lakini bao la ushindi la Jordi Alba lilikuja dakika ya 4 ya nyongeza. Yaani ndani ya uwanja wao, mbele ya watu wao, Barcelona walifika dakika ya 90 wakiwa hawajaifunga kazi. Taarifa kama hiyo ina uzito kuliko msimamo wowote wa ligi, kwa sababu ni timu zilezile, mbinu zilezile, na wiki mbili tu zimepita.

Endelea. Barcelona ileile isiyofungwa kwenye ligi ilikuwa inaruhusu mabao. Siku tatu kabla ya mechi ile ya Camp Nou walishinda kwa Deportivo 5-4. Soma vizuri: waliruhusu manne. Spartak Moscow walipata mawili Camp Nou mwezi Septemba, na Barcelona wakalazimika kutoka nyuma kushinda 3-2. Real Madrid nao walipata mawili. Na Carles Puyol, yule beki aliyekuwa anazizima fujo za kona, mkono wake ulikuwa umeteguka kiwiko kule Lisbon tarehe 2 Oktoba. Hayupo.

Hapa ndipo unapochukua kalamu na kufanya kazi ambayo wengi wanaona ya kitoto: andika urefu wa wachezaji. Messi, Xavi, Iniesta, Alba, Pedro, Alexis Sánchez, hata Javier Mascherano aliyekuwa anachezeshwa beki wa kati, wote hawafiki sentimita 175. Upande wa pili yupo Samaras mwenye zaidi ya sentimita 190, yupo Efe Ambrose, yupo Kelvin Wilson, na yupo kijana wa Nairobi, Victor Wanyama, miaka 21, ameumbwa kama mlango wa msikiti. Kisha ongeza mguu wa kushoto wa Mulgrew unaojua kupeleka mpira mahali ulipoagizwa. Basi umeshapata jibu la swali la kwanza. Bao la Celtic litatoka kwenye kona au faulo. Hawahitaji pasi 20 kulipata. Wanahitaji kona mbili tatu.

Mechi ilianza saa 4:45 usiku kwa saa zetu. Klabu ilikuwa imetimiza miaka 125 siku moja kabla, uwanja umejaa, kelele zinapasua spika ya pale kibandani. Karibu saa 5:06, Celtic wakapata kona. Mulgrew akaiinua, na nyuma kule Wanyama akamruka Alba kama anayeruka kizingiti, akaupiga kichwa ukaingia. Kijana mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kukosa nafasi akapiga kelele, "Wetu huyo!" Banda lilikuwa limejaa jezi za Barcelona, na bado watu walishangilia. Mimi nilikuwa nimeshika daftari, na nakumbuka nilichofikiri: hili bao lilikuwa limeandikwa tangu asubuhi.

Yaliyofuata ni kama saa nzima ya kuzingirwa. Messi aligonga mtambaa wa panya. Alexis aligonga mwamba. Kipa Fraser Forster, jitu la mita 2, alipangua mipira mpaka magazeti ya Hispania yakambatiza jina la ukuta mkubwa. Dakika ya 83 Forster akapiga mpira mrefu, Xavi akaukosa kabisa, na Tony Watt, kijana wa miaka 18 aliyeingia kutoka benchi, akakimbia nao akamfunga Víctor Valdés. Messi alirudisha moja katika dakika za nyongeza. 2-1. Barcelona walimiliki mpira kwa zaidi ya asilimia 80 na wakarudi kwao mikono mitupu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa vijana wengi wanateleza. Sikwambii kwamba ushindi wa Celtic ulikuwa unatabirika. Haukuwa. Mpira wa Messi ungepita sentimita chache chini, habari ingekuwa nyingine. Ninachokwambia ni kwamba njia ya ushindi ilikuwa inaonekana. Kazi yako redioni ni kumwonyesha msikilizaji hiyo njia, kisha umwambie kwa uaminifu ni nyembamba kiasi gani.

Na hapo ndipo nakuja kwenye ufupi. Piga penalti 10 kushindana na Messi. Atakushinda, hata ukirudia kila siku mwaka mzima. Piga moja, naye apige moja. Hapo anaweza kukosa nawe ukapata. Hujawa bora kuliko yeye, umepunguza tu idadi ya nafasi ambazo ubora wake ungejitokeza. Timu ndogo yenye kocha mwenye akili inafanya hivyohivyo. Mipira ya kurusha inachukua muda. Kipa anatembea kuufuata mpira wa goli. Mabeki wanakaa chini, viungo wanakaa juu ya mabeki, nafasi za wazi zinapungua kutoka 10 hadi 4. Watu wanadharau, wanasema wamepaki basi. Mimi naheshimu sana kazi ile, maana nimewahi kufundisha timu za vijana na najua ugumu wa kuwafanya wachezaji 10 wasogee pamoja kwa dakika 90 bila mmoja kusinzia. Kupaki basi ni ufundi, na ukiwa mchambuzi lazima ujue nani anaujua na nani anajaribu tu.

Utajuaje? Tazama mechi za mchujo. Timu ndogo haifiki kwa kigogo kwa kudondoka kutoka mbinguni. Inafika kwa kuwatoa wengine mwezi wa Julai na Agosti wakati sisi tunazungumzia usajili. Mwaka 2021 Sheriff ya Tiraspol, bingwa wa Moldova, ilipangwa kwenda Santiago Bernabéu tarehe 28 Septemba. Karibu kila mtu alisema Madrid watapiga nyingi. Lakini kabla ya siku ile Sheriff ilikuwa imeifunga Crvena zvezda 1-0, imeipiga Dinamo Zagreb 3-0, imekwenda Zagreb ikatoka 0-0, na imeifunga Shakhtar Donetsk 2-0. Mechi nne mfululizo za Ulaya, dhidi ya timu zenye majina, bila kuruhusu hata bao moja. Huyo si kibonde aliyepotea njia. Hiyo ni timu inayojua kukaa chini na kusubiri, na ina kipa.

Madrid walipiga mashuti zaidi ya 30 usiku ule. Yakhshiboev, Mzbeki, akafunga kwa kichwa dakika ya 25. Benzema akasawazisha kwa penalti. Na zikiwa zimebaki sekunde chache dakika 90 zitimie, Sébastien Thill wa Luxembourg akaachia kombora la kushoto kutoka nje ya boksi, likaingia juu pembeni. 2-1. Waliporudiana Tiraspol mwezi Novemba, Madrid walishinda 3-0 bila jasho kubwa. Kumbuka hilo la pili pia. Mara nyingi kigogo haumwi na nyoka yuleyule mara mbili katika kundi moja, kwa hiyo mechi ya marudiano ichambue upya kabisa, usiibebe na mshangao wa kwanza.

Kitu kingine ambacho Jumanne nzuri unaweza kukitumia dakika 2 nzima ni kalenda. Usitazame mechi ya leo peke yake. Tazama kigogo anacheza na nani baada ya siku nne tano. Mwezi Novemba 2019 Genk ya Mbwana Samatta ilikwenda Anfield tarehe 5. Liverpool walikuwa wameshaipiga Genk 4-1 kule Ubelgiji wiki mbili nyuma, kwa hiyo kila mtu alitegemea mafuriko. Lakini tarehe 10 Liverpool walikuwa na Manchester City, mechi ya msimu. Kocha wao Klopp akawaweka Mané na Firmino benchi. Wijnaldum akafunga mapema, kisha dakika ya 40 Genk wakapata kona, Samatta akapanda akaupiga kichwa, nyavu zikatikisika pale Anfield na Tanzania nzima ikalala usingizi mtamu. Oxlade-Chamberlain alikuja kuokoa, 2-1, na Liverpool wakapumua. Ukiitazama ile mechi kwa jicho la kalenda, 2-1 haikuwa ajabu. Kocha alikuwa anatafuta pointi tatu kwa bei ndogo iwezekanavyo, akili yake ikiwa Jumapili.

Ndiyo maana nakuambia utofautishe kigogo anayetaka kushinda na kigogo anayetaka kumaliza. Mfumo mpya wa Ligi ya Mabingwa ulioanza 2024, wenye timu 36 na mechi 8 kwa kila timu kabla ya mtoano, umelifanya jambo hili kuwa muhimu zaidi. Timu 8 za juu zinapita moja kwa moja, za 9 hadi 24 zinacheza mchujo. Kigogo aliyekwisha kukusanya pointi nyingi anaweza kwenda ugenini mwezi Januari na kikosi cha vijana, wakati timu ndogo ile inahitaji pointi moja tu iingie kwenye 24. Jedwali la msimamo linakuambia nani ana njaa. Lisome kabla hujasoma majina.

Uwanja nao una maneno yake. Bodø ni mji wa Norway uliopo kaskazini kabisa, ng'ambo ya mstari wa Aktiki, na timu yake Bodø/Glimt inacheza kwenye nyasi bandia. Tarehe 21 Oktoba 2021 Roma ya José Mourinho ilikwenda kule kwenye Conference League, kombe la tatu kwa ukubwa la klabu za Ulaya, na wachezaji wengi wa akiba, ikarudi na 6-1. Sita! Hakuna timu ya Mourinho iliyokuwa imeruhusu mabao sita kabla ya hapo. Watu wakacheka, wakasema Roma wameoza. Lakini timu hizi zilikutana mara nne msimu ule: 6-1, kisha 2-2 Roma, kisha 2-1 Bodø tena, na hatimaye 4-0 Roma, Nicolò Zaniolo akifunga matatu. Roma waliifunga Bodø mara moja tu kati ya nne, nayo ndiyo waliyoihitaji, na mwezi Mei wakalibeba kombe lenyewe. Angalia hizo mechi mbili za Bodø. Baridi, nyasi bandia, timu inayocheza pamoja miaka kadhaa na inakimbia bila kuchoka. Kule kibonde alikuwa Roma. Ukubwa wa klabu haupandi ndege na timu kila mara.

Hapo pia utaona kwamba si kila timu ndogo inapaki basi. Bodø/Glimt walikwenda mbele, wakabana juu, wakapiga pasi. Ilifanya kazi kwa sababu wameizoea na kwa sababu mbele yao siku ya ile 6-1 walikuwa wachezaji wengi wa akiba ambao hawakuzoea kucheza pamoja. Timu ndogo inayoamua kucheza mpira wa wazi mbele ya kigogo aliyekamilika inafanya kinyume cha ule ufupi niliokueleza. Inairefusha mechi. Inaomba penalti 10.

Celtic haohao watakufundisha. Tarehe 13 Septemba 2016 walirudi Camp Nou, wakiwa wametoka kuwapiga Rangers 5-1 siku tatu kabla, vifua vimejaa. Na Barcelona? Siku hiyohiyo ya tarehe 10 walikuwa wamefungwa nyumbani 2-1 na Alavés, timu iliyopanda daraja, Messi na Suárez wakiwa wameanzia benchi. Msikilizaji wa kawaida angesema, Celtic moto, Barcelona wameyumba, leo ni leo. Wewe mchambuzi ungepaswa kuona kinyume chake. Messi na Suárez wamepumzika. Kikosi kizima kinarudi. Kuna aibu ya kufuta mbele ya mashabiki wao. Na Celtic wana imani ya kufungua mchezo. Messi alifunga dakika ya 3. Dakika ya 24 hivi Celtic wakapata penalti, Moussa Dembélé akapiga, ter Stegen akaipangua. Pale ndipo njia nyembamba ilipozibwa. Ilimalizika 7-0.

Kwa hiyo ukiona kigogo amefungwa mwishoni mwa wiki, usikimbilie kusema yuko hoi. Uliza alifungwa na kikosi kipi.

Sasa mikeka. Najua hukuniuliza moja kwa moja, lakini umeitaja, na mimi siwezi kuipita kimya, kwa sababu vijana wengi wanaosikiliza kipindi chako wanaweka nauli na hela ya kula mle. Waeleze hesabu hii polepole, hata kama itakula dakika 3. Kampuni ya kubashiri ikimpa kigogo odi ya 1.20, yaani ukiweka 100 na akishinda unapokea 120, inasema kwa lugha yake kwamba ana nafasi ya kama asilimia 83, tena hapo bado haijatoa faida yake. Asilimia 83 inasikika kama uhakika. Maana yake halisi ni kwamba katika mechi 6 za aina hiyo, moja inaharibika. Kijana anachukua mechi 5 za namna hiyo, anaziunganisha kwenye mkeka mmoja, anaziita za uhakika. Zidisha 83 kwa 83 mara tano, utabaki na kama asilimia 40. Mkeka wa vigogo watano wa uhakika una nafasi kubwa zaidi ya kuchanika kuliko kupita. Hilo halihitaji maajabu yoyote, ni hesabu ya darasa la sita.

Na mpira wa miguu ni mchezo wa mabao machache, ndiyo maana unamvumilia mnyonge kuliko kikapu au tenisi. Chukua mechi ambayo kigogo, kwa wastani, anategemewa kufunga kama mabao 2.4 na kibonde 0.6. Pengo kubwa hilo, mara nne. Ukiipiga hesabu ya kawaida ya uwezekano wa mabao, katika mechi 100 za namna hiyo kigogo anashinda kama 77, zinatoka sare kama 15, na kibonde anashinda 7 hivi. Karibu robo ya mechi hizo kigogo hashindi! Ukiwa na mechi kama hizo nne wiki hii, wastani ni kwamba mojawapo itawashangaza watu. Wewe hujui ni ipi. Lakini ukijua nani ana Mulgrew na Wanyama, nani katoka mchujo bila kuruhusu bao, na nani anacheza na kigogo mwenye mechi kubwa Jumapili, angalau utajua pa kutupia jicho.

Ndiyo maana nakusihi usitangaze matokeo kama nabii. Acha "hii imekwisha". Acha pia "leo kutakuwa na maajabu", ambalo ni kosa lilelile kwa upande wa pili. Sema kwa asilimia au sema kwa mara: "Wakicheza mara kumi, Madrid wanashinda nane." Mwanzoni wasikilizaji watakuona unaogopa. Baada ya miezi michache wataanza kukusikiliza tofauti, kwa sababu utakuwa umewapa kitu cha kutazama ndani ya mechi yenyewe.

Kuhusu umiliki wa mpira nitasema kidogo tu. Usiupe uzito kwenye mechi hizi. Kigogo atamiliki, hilo ni kama kusema mvua ni maji. Kitu cha kuuliza ni atamiliki wapi. Mpira ukizungushwa mita 30 kutoka lango la kibonde, mabeki wake hawaumii. Ukifika pembeni ya boksi, mawinga wakaanza kupita mpaka mstari wa mwisho, hapo basi linatoboka. Kabla ya mechi tafuta kama kigogo ana winga anayeweza kumpita mtu mmoja kwa mmoja, na kama yuko mzima. Kukosekana kwake kunaweza kumsaidia kibonde kuliko kukosekana kwa straika maarufu.

Na bao la kwanza. Kibonde akifika dakika ya 60 bila kufungwa, mechi inageuka kuwa kitu kingine kabisa. Kigogo anaanza kupiga mipira mirefu ambayo hakuizoea, mashabiki wananuna, mabeki wanapanda na kuacha uwazi nyuma. Akifungwa dakika ya 5, mpango wote umeungua, lazima atoke. Kwa hiyo ukieleza njia ya kibonde, taja na muda: mpaka lini anahitaji kuwa hai.

Umeniuliza mtu anatazama nini. Nikikaa kwenye kiti chako jioni ya Jumanne tarehe 6 Novemba 2012, na zile dakika 10, ningesema hivi.

"Barcelona wana nafasi kubwa kesho, nawapa mara 8 katika 10, na sitashangaa wakishinda kwa mabao matatu. Lakini Puyol hayupo, na wiki mbili zilizopita Celtic waliwafunga kwa kichwa kutokana na faulo. Kipa wa Celtic ni mrefu na yuko kwenye kiwango. Kama Celtic watafika dakika ya 20 bila kuruhusu bao, watapata kona, na hapo mpira usiutazame. Mtazame Mkenya yule, jezi namba 67, uone nani amepewa kazi ya kumkaba."